Mwalimu na Mwanafunzi Katika Kiti Kimoja

Wasikilizaji, naomba mnikirimu robo saa hii nizungumze nanyi juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu katika nchi ya mbali, ambalo faida yake, kwa itikadi yangu, haina mipaka ya nchi. Nalo ni habari ya kijana aliyejifundisha mwenyewe, bila mwalimu na bila darasa, ufundi wa kuandika programu za kompyuta, ili aufanye mtihani wa juu wa sekondari ambao shule yake haikuufundisha.

Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu. Wazazi wake walitoka Mombasa wakahamia jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, mahali ambapo watu wengi wa Afrika Mashariki wamefanya maskani, na ambapo baridi ya Januari ni kali hata maziwa makubwa huganda na watu wakapita juu yake kwa miguu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nilikwenda kumzuru dada yangu, nikakaa kwake miezi mitatu. Na kwa kuwa mzee wa pwani hana pa kutembea katika theluji, aghalabu ya jioni zangu nilizipitisha mezani pamoja na mpwa wangu huyo, yeye na kompyuta yake, mimi na kikombe changu cha chai ya tangawizi.

Kwanza yafaa niueleze mtihani wenyewe. Katika Marekani upo utaratibu uitwao Advanced Placement, ambao watu huuita kwa ufupi AP, na ambao tangu katikati ya miaka ya 1950 husimamiwa na jumuiya iitwayo College Board. Kwa utaratibu huo mwanafunzi aliye bado sekondari husoma somo kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na ifikapo Mei hutahiniwa. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi humkubalia aliyepata 3, au 4, au 5, kila chuo kwa sharti lake, kwamba sehemu hiyo ya masomo amekwisha kuimaliza, akapunguziwa muda na ada. Somo la kompyuta liliingizwa katika mitihani hiyo mwaka 1984, na lugha ya kuandikia programu ilikuwa Pascal, iliyotungwa na Niklaus Wirth wa Uswisi. Mwaka 1999 ikaja lugha ya C++, na mwaka 2004 ikashika zamu Java, lugha ambayo James Gosling na wenzake waliitunga katika kampuni ya Sun Microsystems na kuitangaza mwaka 1995. Mtihani wenyewe huitwa Computer Science A, na mpaka leo Java ndiyo lugha yake.

Hakuna kanuni inayomzuia mtu kuufanya mtihani huu bila kuhudhuria darasa lake. Lakini kwa kuwa mtihani hufanyiwa shuleni, yule ambaye shule yake hailifundishi somo hilo hana budi kutafuta shule nyingine itakayokubali kumpa kiti, na kulitafuta jambo hilo mapema, wakati majani ya miti yanapopukutika, kwa sababu majina hukamilishwa katikati ya Novemba, miezi sita kabla ya mtihani. Kijana wetu aliandika barua kwa shule mbili. Ya kwanza haikumjibu. Ya pili ilimkaribisha. Hivyo, kabla hajajua kuandika hata programu ya kujumlisha namba mbili, alikuwa amekwisha kujifunga kwa ahadi, na ahadi ni mwalimu wa kwanza wa mtu asiye na mwalimu.

Baada ya hapo alianguka katika shimo ambalo wengi wanaojisomea huangukia. Alinunua kwa bei ndogo kitabu kikuukuu chenye jina la mtihani juu ya jalada, akakisoma usiku na mchana kwa wiki tatu, na ndipo alipogundua kwamba kilitungwa kwa ajili ya mtihani wa zamani, enzi ya C++, na kwamba nusu ya taabu yake ilikuwa imekwenda na maji. Kitabu hakikuwa na hatia, kwa maana kilisema kweli kwa wakati wake. Aliyekosa ni msomaji aliyeshika njia kabla ya kuuliza kibla. Silabasi ndiyo kibla cha mwenye kujisomea. Hutolewa bure na College Board yenyewe, na humwonya mtu mambo ambayo kitabu hakiwezi kumwonya. Kwa mfano, kuanzia mtihani wa 2026 maswali ya kuchagua jibu ni 42 badala ya 40, na mlango mzima wa klasi moja, yaani kielelezo cha vitu vya programu, kurithi tabia za klasi nyingine, ambao kwa miaka mingi uliwatoa wanafunzi jasho, umeondolewa. Mwenye mwalimu huambiwa haya asubuhi akiwa amekaa. Asiye na mwalimu lazima ayaendee mwenyewe.

Kuhusu vyombo vya kujifunzia sitasema mengi, kwa sababu zama zetu zimevifanya vingi na vyepesi. Iko programu ya bure iitwayo BlueJ, iliyotengenezwa mahususi kwa wanaoanza Java. Iko hazina ya mazoezi mafupi iitwayo CodingBat, iliyotungwa na Nick Parlante, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford. Na, lililo bora kuliko yote, maswali ya kuandika ya miaka iliyopita hutangazwa pamoja na mwongozo wa kuyasahihisha, kila mtu ayaone. Tangu hapo kijana wetu hakupungukiwa na kitabu wala chombo. Alipungukiwa na jambo moja tu, nalo ni mtu wa kumwambia, “Hujafahamu bado,” na juu ya jambo hilo ndipo mazungumzo yangu ya leo yanaposimama.

Jioni moja ya Januari, theluji imefunika barabara na vioo vya madirisha vimeota barafu, alinijia na kompyuta mikononi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, baba. Mbona uso umekunjuka hivyo?”

“Programu yangu imekubali. Ukiipa safu ya namba, inakuambia ipi kubwa kuliko zote. Nimeijaribu mara kumi, haikukosea hata mara moja.”

Nilifurahi naye; lakini nilifundisha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu, na mwalimu wa hesabu haachi tabia ya kuuliza. Nikamwomba anitajie namba alizoijaribia, akazitaja: 4, 7, 1, 9, na nyingine za namna hiyo. Basi, katika nyumba ile, nje ya dirisha la jikoni, kulikuwa na kipimajoto, na kijana huyo alikuwa na mazoea ya kuandika juu ya kalenda ya ukutani baridi ya kila alfajiri. Alfajiri nne mfululizo zilisomeka, kwa kipimo cha Fahrenheit kitumikacho huko, 4 chini ya sifuri, 11 chini ya sifuri, 2 chini ya sifuri, na 9 chini ya sifuri. Nikamwambia, “Ipe hizi, ituambie alfajiri ipi ilikuwa na nafuu.” Akaipa. Mashine ikajibu papo hapo, bila kusita: sifuri.

Sifuri haikuwamo katika safu ile. Hapakuwa na alfajiri ya sifuri.

Sasa sikilizeni alilofanya, maana ndilo ambalo wengi wetu tungalilifanya. Alibadilisha alama moja, akaiendesha tena programu, haikufaa. Akabadilisha nyingine, akaiendesha, ikazidi kuharibika. Akairudisha ya kwanza na kuigeuza ya tatu. Kwa muda wa nusu saa alikuwa kama mtu anayejaribu funguo gizani, akitumaini kwamba mmojawapo utafungua, na wala hatajua ni upi wala kwa nini. Nikamwambia, “Baba, zima mashine.” Tukachukua karatasi, tukapiga mistari mitatu ya kusimama: upande mmoja tukaandika nafasi, wa pili namba iliyopo katika nafasi hiyo, wa tatu ile namba ambayo programu inaikumbuka kuwa ndiyo kubwa. Nikamtaka azifuate amri zake moja moja kwa kidole, asiruke hata moja, na asiandike anachokitaka bali kile alichoiamuru mashine. Akaanza. Amri ya kwanza ilisema: weka sifuri mahali pa namba kubwa. Akaiandika. Je, 4 chini ya sifuri ni kubwa kuliko sifuri? La, iache. Je, 11 chini ya sifuri? La, iache. Hapo kidole chake kikasimama, akanitazama.

“Mjomba, ile sifuri nimeitia mimi.”

Naam, aliitia yeye. Alianza kwa kudhani kwamba namba zote za ulimwengu zi juu ya sifuri, na dhana hiyo hakujua kwamba anayo, kwa kuwa kila mfano aliouchagua ulitoka katika dhana ile ile. Dawa ilikuwa nyepesi, yaani kuanza na namba ya kwanza ya safu yenyewe badala ya sifuri, na aliisahihisha kwa mstari mmoja. Lakini uzito wa jambo haukuwa katika mstari huo. Mashine inao uaminifu wa namna moja tu: hujibu sawasawa ulichoiuliza. Ukikosea sarufi ya lugha yake, ukasahau nukta mkato au mabano, kompaila, yaani mfasiri anayeigeuzia mashine maandishi yako, hukukatalia na kukuonyesha mahali. Walakini ukikosea katika fikra, hunyamaza na kukutii, ikakuletea jawabu la uongo kwa adabu ile ile iletayo la kweli. Mwanafunzi aliye na mwalimu huulizwa swali ambalo hakulitazamia. Anayejifundisha huchagua mwenyewe somo, huchagua mwenyewe mfano, na kisha hujipa mwenyewe hongera. Na katika hali hiyo hakuna jambo jepesi kuliko kujidanganya, wala lenye madhara makubwa kuliko hilo.

Tangu usiku ule ilikuwa kanuni katika meza yetu kwamba programu yoyote, kabla haijaingizwa katika mashine, itaendeshwa kwanza kwenye karatasi, na jawabu lake litaandikwa. Kisha ndipo mashine iulizwe. Yakilingana, ni ithibati ya fahamu. Yakitofautiana, hapo ndipo pa kukaa, maana kati ya jawabu la karatasi na jawabu la mashine ndipo ujinga wenyewe ulipojificha, na ujinga uliokwisha kuonekana nusu yake umeondoka.

Kwa njia hii nami nilijifunza mambo machache, na ruhusuni niwahadithie matatu, kwa sababu ndiyo yanayowakwaza wengi wa mlango huu. La kwanza ni kwamba katika Java namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili. Machungwa 7 ukiwagawia watoto 2, mashine itasema kila mmoja apate 3, na lile linalobaki haitalikata wala kulitaja, isipokuwa umeiuliza kwa amri nyingine ni mangapi yaliyosalia. Mtu akitafuta wastani wa alama zake bila kulijua hili, atapunjwa na asijue aliyempunja.

La pili ni habari ya kuhesabu. Nafasi ya kwanza ya safu, katika lugha hiyo, si nafasi ya moja bali ya sifuri. Safu yenye vitu vinne huanzia sifuri na kuishia tatu, na anayekiomba kitu cha nafasi ya nne huambiwa amevuka mpaka. Kijana alilikariri jambo hili bila kulifahamu, mpaka nilipomkumbusha saa zetu za Kiswahili, ambazo hupima mwendo na hazipangi foleni. Tunaposema saa moja ya asubuhi, maana yetu ni kwamba saa moja imekwisha kupita tangu kucha. Na pale palipokucha, hakuna saa iliyopita bado. Ndivyo ilivyo nafasi ya safu: ni hesabu ya hatua ulizokwenda kutoka mwanzo, na aliyesimama mwanzoni hajaenda hatua yoyote. Akaniambia kwamba katika vitabu vyote alivyosoma hakuna kilichomwelezea hivyo, na mimi nilifurahi kwamba saa ya babu zake ilimfaa katika nchi ambayo hakuna anayeisoma.

Na neno sifuri lenyewe ni la kutufurahisha, kwani limetujia kutoka Kiarabu, na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ndicho kilichosaidia kuzifikisha Ulaya hesabu za tarakimu za Kihindi na sifuri yake. Jina lake, lilipoandikwa kwa Kilatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua zenye mwisho unaomfikisha mtu kwenye jawabu. Basi kijana wa Mombasa anayefuata algorithimu kwa kidole juu ya karatasi hafanyi jambo geni. Anafanya lile lililofanywa kwa kalamu na wino zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kompyuta ya kwanza.

La tatu ni tofauti ya kuwa sawa na kuwa kitu kimoja. Barua mbili zenye maneno yale yale ni barua mbili. Na Java ina alama moja ya kuuliza kama hii ndiyo karatasi ile, na amri nyingine ya kuuliza kama maneno ya hii ni sawa na maneno ya ile. Anayezichanganya anaweza kupata jawabu sahihi leo na potofu kesho, na huo ndio ugonjwa mbaya kupita wote, kwa sababu hutoa dalili za afya.

Ingefaa hapa kuuliza: kwa nini tushughulike na karatasi, hali kompyuta ipo? Hekima yetu ya jumla nimekwisha kuitaja, lakini ipo na sababu ya mtihani wenyewe. Kwa miaka mingi watahiniwa waliandika programu zao kwa penseli katika kijitabu. Kuanzia Mei 2025 huandika kwa kompyuta, katika programu ya mtihani iitwayo Bluebook. Lakini hiyo hupokea maandishi tu, haiyaendeshi wala haionyeshi kosa. Kwa hiyo yule aliyezoea kubahatisha mpaka mashine ikubali hujikuta, katika saa moja u nusu ya maswali ya kuchagua na saa moja u nusu ya kuandika programu nne, hana wa kumwambia kwamba amekosea ila nafsi yake. Na ikiwa nafsi hiyo hakuizoeza kusema kweli, itamnyamazia.

Katika usahihishaji vile vile tuliweka desturi. Siku hizo kila swali la kuandika lilikuwa na alama 9, na mwongozo wa kusahihisha hueleza kila alama hutolewa kwa jambo gani. Kijana alikuwa akijibu swali la mwaka uliopita kwa saa ya ukutani, kisha hulilaza usiku mmoja, na kesho yake hulisahihisha kwa wino mwekundu kana kwamba ni kazi ya mtu asiyemjua. Mara ya kwanza alijipa 8. Nikaomba anielezee, kwa Kiswahili, amri moja baada ya nyingine, mimi nisiyejua Java; na alipofika mstari wa sita akashindwa kunieleza, akashika kalamu, akajipunguzia mwenyewe hadi 5. Sikumwambia kitu. Mtu akiweza kulieleza jambo kwa lugha ya mamaye kwa mzee asiye na habari nalo, amelijua. Asipoweza, amelizoea tu, na mazoea si maarifa.

Mwezi wa Aprili nilirudi Mombasa. Mtihani ukafanywa Mei, na matokeo hutoka Julai. Siku alipotoka chumba cha mtihani alinipigia simu, akasema maswali matatu ya kuandika ameyaweza, lakini katika la nne, lililohusu jedwali la safu juu ya safu, aligundua dakika za mwisho kwamba amechanganya mistari ya kulala na ya kusimama, na muda haukumtosha kutengeneza yote. “Nimejihesabia mwenyewe, mjomba,” akasema. “Nadhani ni 4.” Akaiandika namba hiyo nyuma ya daftari na kuifunika. Mwezi wa Julai ilikuja 4.

Wako watakaosema 5 ni bora kuliko 4, na katika daftari la chuo kikuu wamesema kweli. Lakini mimi niliyekaa naye mezani, nikamwona Januari akiwa na hakika ya jambo asilolijua, na Mei akijua kwa hakika hata mahali alipokosea, naona kwamba mtihani aliokwenda kuushinda aliushinda kabla ya kuingia chumbani. Kwenu vijana mnaojisomea peke yenu, iwe ni kompyuta au elimu yoyote nyingine, usia wangu ni huu mmoja: jiulizeni swali ambalo hamkulitazamia, na jawabu liandikeni kabla hamjaambiwa.

Karatasi ile ya mistari mitatu alinipa siku nilipoondoka, na nimeiweka hapa mbele yangu ninaposema nanyi. Namba zote zimeandikwa kwa penseli na zimeanza kufifia, isipokuwa sifuri iliyo juu ya mstari wa tatu, ambayo aliizungushia wino mwekundu kwa mkono wake mwenyewe.